Mikono Iliyoganda

Kila asubuhi ya likizo, Kijiko alifagia ngazi za jengo lao kutoka ghorofa ya juu hadi chini. Jina hilo la utani alipewa na bibi yake, kwa sababu hakuna jambo lililopikwa nyumbani ambalo yeye hakutaka kulikoroga. Likizo hiyo alikuwa na mwenzake wa kukoroga naye: binamu yake, mvulana wa rika lake, aliyecheza dansi hata akiwa amebeba ndoo ya maji.

"Ukimwaga, unapiga deki wewe," Kijiko alimwonya.

"Simwagi. Hii inaitwa dansi ya mhudumu wa hoteli."

Akamwaga.

Dansi hizo alijifunza kwenye video. Shida ni kwamba baba yake Kijiko, fundi wa kufuli, aliwaachia simu yake ya zamani isiyo na bando. "Ina saa, ina tochi, ina kikokotoo," aliwaambia. "Mnataka nini tena? Iwapikie?"

Siku moja walikuwa wakipumzika kwenye ngazi za ghorofa ya kwanza. Binamu akaona jina la waifai kwenye simu: Mlango wa Tatu. Halikuwa na alama ya kufuli. Akagusa, simu ikaunganika papo hapo.

"Huo ni mtandao wa shangazi mkalimani," Kijiko alisema, akiutazama mlango uliokuwa mbele yao. "Tumwombe kwanza?"

"Tumwombe nini? Angekuwa hataki watu angeweka nywila. Kisichofungwa ni cha wote."

Kijiko alihisi kitu kikimkwaruza moyoni. Lakini video ilikuwa imeshaanza, tena ilikuwa tamu, na moyo ukanyamaza.

Tangu siku hiyo hawakubanduka pale. "Watoto hawa wameanza lini kupenda ngazi?" mama yake Kijiko alishangaa.

Shangazi mkalimani hakuwa ndugu yao wa damu. Alikuwa jirani, mcheshi, na watoto wote wa jengo walimwita shangazi. Alifanya kazi nyumbani, mbele ya kompyuta. Daktari alipozungumza kutoka zahanati, yeye aliyageuza maneno yale kuwa lugha ya alama ili mgonjwa kiziwi ayaone kwenye skrini. Mgonjwa alipojibu kwa mikono, shangazi alimsemea kwa daktari.

Asubuhi moja binamu alikuwa akipakua filamu nzima ya dansi. Ghafla mlango ukafunguliwa, na shangazi akatoka mbio, kandambili moja mguuni na nyingine imebaki ndani.

"Wanangu, mna simu yenye bando hapo? Mtandao wangu umeganda tena!"

Kupitia mlango uliobaki wazi, Kijiko aliiona skrini. Bibi mmoja mzee alikuwa ameinua mikono, nayo imeganda hewani kama ya sanamu. Kando yake alikaa daktari, mdomo wazi. Sauti yake ilikuja vipande vipande: "Mwambie asi... ile nyeupe... kabla ya..."

"Anaelezwa dawa ipi aache na ipi aendelee nayo," shangazi alisema. "Ameona nusu ya maneno. Akichanganya, ataumia."

Kijiko akamgeukia binamu. "Zima," alinong'ona.

"Imebaki kidogo tu."

"Zima!" Hakungoja jibu. Aliinyakua simu na kuizima.

Kule ndani picha ikatikisika, mikono ya bibi ikashuka. Shangazi akakimbilia kiti chake. Alieleza upya, polepole, dawa moja baada ya nyingine. Bibi akarudia yote kwa vidole vyake, daktari akathibitisha. Mwishowe bibi akacheka, akatikisa viganja vyake juu hewani, kwani ndivyo viziwi wanavyopiga makofi.

Shangazi akarudi mlangoni akijifuta jasho. "Afadhali! Zahanati wamesema ikitokea tena watatafuta mkalimani mwingine. Wiki nzima namgombeza fundi wa mtandao, kila siku ananiambia kila kitu kiko sawa. Leo namshtaki kwa bosi wake." Akaanza kutafuta namba.

Binamu akamkanyaga Kijiko mguu, maana yake: nyamaza. Hakuna aliyewashuku. Lakini Kijiko alimfikiria yule fundi, ambaye hata sura yake hakuijua, akifokewa kwa kosa lisilo lake.

"Shangazi, usimpigie," alisema. "Ni sisi. Tumekuwa tukipakua video kwa mtandao wako bila kukuomba."

Wakati huohuo baba yake alikuwa akipanda ngazi na sanduku la zana. Aliyasikia maneno hayo, akasimama.

"Lakini Mjomba, ulikuwa wazi!" binamu alijitetea haraka.

"Mimi nafungua milango ya watu kila siku," baba alijibu. "Nikishaufungua mmoja, niingie jikoni nijikaangie mayai kwa sababu uko wazi?"

Binamu alitaka kucheka, akajizuia. "Hapana, Mjomba."

"Wazi si ruhusa. Tena sehemu nyingine sheria inaweza kukuhesabia kosa kwa kutumia mtandao wa mtu bila idhini yake, hata kama hauna nywila. Na pale ambapo sheria haikusema kitu, ustaarabu hausubiri polisi."

"Kwa hiyo hata kutumia mtandao wa maktaba ni kosa?" Kijiko aliuliza kwa hofu.

"La," shangazi alisema. "Pale wenyewe wamebandika tangazo la kuwakaribisha. Hapa kwangu hakuna aliyewakaribisha. Ila na mimi nimekosa. Siri za wagonjwa zinapita hapa, nami nikauacha mtandao bila nywila kwa uvivu wa kuikumbuka."

Binamu akainamisha kichwa. "Tusamehe, Shangazi. Mimi ndiye niliyeanza."

Shangazi akampigia fundi, si kwa ajili ya kumshtaki bali kumwomba radhi na msaada wa kuweka nywila. Watoto nao wakaomba radhi kwa zamu. Fundi akacheka mpaka simu ikakwaruza. "Afadhali mmesema, wanangu. Nilikuwa nimeshaanza kumshuku paka wake!"

"Jioni nikimaliza kazi, mkitaka video mbili tatu, gongeni," shangazi aliwaambia. "Nikiweza nitawapa, nikishindwa nitasema."

Kijiko akatazama mikono yake. "Shangazi, 'naomba' inasemwaje kwa alama?"

Shangazi akawaonyesha. Binamu alikosea mara kadhaa na kuigeuza dansi, wote wakaangua kicheko. Alipopatia, baba akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Jifunzeni vizuri hiyo, kwa mikono na kwa mdomo," alisema. "Naomba ni neno dogo, lakini ndilo linalomtenga mgeni na mwizi."