Redio Haikulisema Hilo

Kila Alhamisi, baada ya sala ya Alasiri, Khairiya alikuwa na kazi ambayo hakuna mtoto mwengine pale Shumba Viamboni, kisiwani Pemba, aliyekuwa nayo. Kazi yake ilikuwa kusikiliza.

Akitoka skuli alivua sare, akala muhogo wake, akateka maji mitungi miwili, kisha akaenda mbio barazani kwa Bakar. Bakar alikuwa na duka la chumvi, sabuni na mafuta ya taa, na juu ya rafu alikuwa na redio ya betri, redio ya pekee kijijini. Wanaume walikaa barazani na vikombe vyao vya kahawa. Wanawake hawakukaa pale. Basi shangazi yake, Bi Mwanakhamis, na jirani yao Bi Moza, na wengine waliokuwa wakisuka ukili wa mikeka pamoja uani, walimtuma Khairiya. Alikuwa na miaka kumi na miwili, bado mdogo wa kuweza kukaa kwenye pembe ya baraza bila ya kuulizwa. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akarudi uani kuwahadithia neno kwa neno.

Huo ulikuwa mwaka wa hamsini na tisa, na redio ilikuwa ikisoma kitabu. Bwana Abrahman, aliyekuwa mudiri, yaani mkubwa wa serikali wa upande ule, alikuwa amestaafu na kuhamia Unguja. Huko akakaa akaandika maisha yake ya kazi, na kila wiki redio ilisoma kipande.

"Haya, leo kaamuru mara ngapi?" Bi Moza aliuliza kila Khairiya alipoingia.

"Kumi na moja," Khairiya alijibu siku moja. Alikuwa akihesabu kwa vidole. "Wiki iliyopita aliamuru mara tisa."

"Kapata nguvu, masikini!"

Wanawake walicheka. Shangazi akauliza, "Na wewe umekionaje kitabu?"

"Msomaji ana sauti tamu, utadhani anakula halua huku anasoma," alisema Khairiya. "Lakini kitabu chenyewe hakina watu, shangazi. Barabara imelimwa, hakuna aliyeshika jembe. Daraja limejengwa, hakuna aliyeingia topeni. Yeye anasema 'niliamuru', mara kitu kipo."

"Na mvua je? Mvua nayo kaiamuru?"

"Bado. Labda Alhamisi ijayo."

Baba yake Khairiya, Bwana Duni, hakwenda kusikiliza. Hakukanyaga barazani kwa Bakar tangu miaka mitatu nyuma, alipofariki mkewe Tatu, mama yake Khairiya. Tatu alishikwa na homa kali. Duni alikwenda kwa miguu mpaka ofisi ya serikali kuomba gari ya kumpeleka mgonjwa hospitali. Akaambiwa gari ina safari ya wakubwa, arudi kesho. Kesho yake hakukuwa na haja tena ya gari.

"Walipokuwa hapa hawakunisikiliza mimi," alisema Duni kila akiitwa barazani. "Kwa nini leo niwasikilize wao wakijisifu?"

Alhamisi moja msomaji alifika kwenye habari za kisima. Wanaume wote barazani wakanyamaza, kwa sababu kisima hicho ndicho walichokunywa kila siku. Kilichimbwa katika jiwe tupu, na wengi wao walikuwa wamelipiga jiwe lile kwa mitaimbo mpaka viganja vikachubuka.

"Jiwe lilitushinda wiki tatu," alisoma msomaji kwa sauti yake tamu. "Ndipo nilipofikiri, nikaamuru liwashiwe moto, na likishapata moto limwagiwe maji ya bahari. Jiwe likapasuka."

Khairiya aliruka kama aliyekanyaga miba. Hadithi ile aliijua tangu hajaanza skuli. Moto ulikuwa desturi ya wachimbaji wote wa pale, lakini maji ya kulimwagia jiwe hayakuwepo. Mudiri alitaka wanawake wamwage maji yao ya kunywa, waliyoyabeba kutoka mbali. Mama yake ndiye aliyeweka mtungi chini, akasema, "Bahari ile pale. Jiwe halina ulimi, halitajua kama haya ni maji ya chumvi." Wanawake wakashuka pwani, wakabeba.

Alitazama wanaume. Bakar alikohoa. Mmoja alikoroga kahawa isiyokuwa na sukari.

Njia nzima ya kurudi, Khairiya alikuwa akisema peke yake, "Mwizi. Mwizi mkubwa." Alipofika uani akakuta ukili umewekwa chini. Habari zilikuwa zimetangulia kwamba leo ni siku ya kisima.

"Kakitaja?" aliuliza shangazi.

"Kakitaja."

"Kasemaje?"

Khairiya alizitazama nyuso zile zilizokuwa zikimngoja. Kisha akanyanyua kidevu.

"Kasema jiwe liliwashinda wote, na yeye likamshinda vilevile. Mpaka mwanamke mmoja, Tatu binti Pandu, akasema: jiwe halina ulimi. Wanawake wa Shumba wakabeba maji ya bahari, jiwe likapasuka."

Vigelegele vilipigwa mpaka kuku wakakimbia. Bi Mwanakhamis alijifuta macho kwa ncha ya kanga. Ndipo Khairiya alipoona mtu amesimama kwenye upenu wa nyumba, jembe begani. Alikuwa baba yake.

"Redio imesema hivyo?" aliuliza Duni taratibu. "Imemtaja kwa jina lake?"

Hapo bado angeweza kurudi nyuma.

"Imemtaja, baba."

Duni aliteremsha jembe, akakaa juu ya kinu kilicholala. "Basi," alisema mwisho, "yule bwana si mbaya kama nilivyomdhania."

Maneno hayo yalimchoma Khairiya kuliko bakora yoyote aliyowahi kuchapwa.

Kesho yake ilikuwa Ijumaa. Baada ya sala, Duni alivaa kanzu yake safi akaenda barazani kwa Bakar, mara ya kwanza kwa miaka mitatu. Akasimama mbele ya watu, akasema kwa sauti kuwa amefurahi. Hata mkubwa, alisema, akikumbuka mwisho husema kweli, na jana redio imemtaja marehemu Tatu.

Watu wakatazamana.

"Bwana Duni," alisema Bakar, "umeisikia redio ipi? Iliyopo ni hii yangu. Na hii yangu ilisema 'nilifikiri, nikaamuru'."

"Labda ya kwake yeye inashika stesheni za ndotoni!" alidakia mtu, na baraza zima likaangua kicheko.

Duni aliporudi nyumbani, Khairiya alikuwa akifagia uwanja. Alimwona usoni tu, ufagio ukamponyoka.

"Njoo ukae hapa," alisema baba yake. Hakupiga kelele. "Kwa nini?"

"Kwa sababu ni kweli!" Khairiya alisema. "Mama ndiye aliyesema, baba. Yeye kamwibia mama maneno yake, na mimi nimemrudishia. Kosa langu liko wapi?"

"Kosa lako ni kuwa hukusema mama yako ndiye aliyesema. Umesema redio imesema." Duni alivua kofia, akaipangusa. "Sikiliza. Miaka mitatu nawaita hawa wakubwa waongo. Jana, kwa neno lako wewe, nikamsamehe mmoja kwa jambo ambalo hakulifanya. Leo nikaichukua kweli ya mama yako mpaka barazani, na watu wakaicheka, kwa kuwa wewe umeifunga ndani ya uongo. Sasa yuko muongo Unguja, na yuko mwengine nyumbani kwangu. Nimshitaki yupi?"

Khairiya aliinamisha kichwa. "Anza na mimi," akasema.

Jioni ile alikwenda mwenyewe uani kwa wanawake, akawaambia alivyofanya. Hakuna aliyemkaripia, na hilo likawa baya zaidi.

"Kumbe vigelegele vyangu nimeupigia upepo," alisema Bi Moza. "Na lile daraja? Na ile barabara? Tutajuaje lipi la kitabu na lipi la kwako?"

"Hayo mengine yote ni ya kitabu, Bi Moza. Wallahi."

"Na jana ulituambia kwa macho makavu vilevile." Bi Moza akarudi kwenye ukili wake. "Alhamisi pumzika, mwanangu. Hatukutumi."

Khairiya alisimama pale, hana pa kuiweka mikono yake. Lakini shangazi yake alitupa miyaa ya kusukia aliyoishika. "Mtoto kakosa, kakiri. Yule wa Unguja je? Au yeye kwa kuwa ana kitabu, tumwachie?"

"Hatumwachii," alisema Duni kutoka nje ya ua. "Tutamwandikia. Tutaiandikia redio yenyewe. Na ataandika huyohuyo."

Mwalimu Shaame, mwalimu wa Khairiya, aliwapa karatasi na bahasha, lakini alipojua barua inamhusu nani akashusha sauti. "Bwana Duni, huyu ni mtu mkubwa. Mimi nakula mshahara wa serikali. Andikeni basi kuwa labda amesahau."

"Hakusahau!" Duni aliwaka. "Andika, Khairiya, kuwa ni muongo na mwizi, tena tangu zamani!"

Khairiya alishika kalamu, asiandike. "Baba, sisi hatujui kama amesahau wala kama amekusudia. Hatumo moyoni mwake. Tunajua alilolisema, na tunajua lililotokea. Tuandike hayo mawili."

Duni akamsogezea karatasi.

Siku tatu Khairiya alizunguka nyumba kwa nyumba. Aliuliza nani alikuwepo, nani alibeba, ilikuwa siku ngapi. Shangazi yake alisema mudiri alifika kisimani mara mbili. Bi Moza alisema mara tatu. Khairiya akaandika: "Alikuja mara mbili au tatu, mashahidi wametofautiana. Kila alipokuja alisimama chini ya mwavuli, kisha akarudi." Kila mmoja alisomewa barua kabla ya kutia dole gumba. Wanawake walikuwa kumi na saba. Jina la Tatu binti Pandu liliandikwa kwanza miongoni mwa waliobeba, na pembeni yake neno "marehemu".

Wiki zilipita. Kitabu kilimalizika, na redio ikatangaza kuwa Alhamisi itakayofuata zitasomwa barua za wasikilizaji. Hapo wanawake wakataka jambo ambalo halijawahi kutakwa: redio ije kwao. Safari hii walitaka kusikia kwa masikio yao.

"Redio itoke dukani iende uani kwa wanawake?" Bakar alishangaa. "Haijawahi kubebwa hii!"

"Na maji unayokunywa wewe, yalitembea yenyewe?" alijibu Bi Moza kutoka nyuma ya ua wa makuti.

Bakar akaileta, na betri yake, na waya akauning'iniza kwenye mfenesi. Wanaume waliomcheka Duni wakaifuata redio, wakakaa nje ya ua.

Barua ya kwanza ilimsifu Bwana Abrahman. Ya pili pia. Ya tatu msomaji aliianza polepole, kama mtu anayepita penye utelezi: "Kutoka Shumba Viamboni, Pemba. Sisi tuliochimba kisima tumesikia aliyoyasema Bwana Abrahman, na haikuwa hivyo. Aliyesema litumike maji ya bahari ni Tatu binti Pandu. Maneno yake yalikuwa haya: jiwe halina ulimi…"

Sauti ileile tamu ikayasoma majina kumi na manane, moja baada ya jingine. Kila mwanamke aliyesikia lake alishtuka kama aliyeguswa bega. Msomaji alishukuru, akaenda kwenye barua nyengine.

"Wameukata mwavuli!" Duni alipiga kelele. "Mwavuli wameuogopa! Mnaona?"

Watu wakacheka, yeye mwenyewe akiwemo, huku machozi yakimtoka. Kisha akamgeukia binti yake mbele ya wote.

"Wao wana vitabu na wana redio," alisema. "Sisi tuna kimoja tu: kwamba tulikuwepo. Ukikichanganya na uongo hata kidogo, umewapa njia ya kuyatupa maneno yetu yote. Mkubwa akisema lisilokuwa, mpinge, mwanangu, tena mpinge kwa sauti. Lakini mpinge kwa lililotokea. Lako la kubuni litakuangusha wewe, na yeye litamsaidia."

Wakati huo akaingia Mize, mtoto wa Bi Moza, amechelewa, anahema. "Dada Khairiya, nimekosa! Redio imesema nini?"

Macho yote yakawa kwa Khairiya.

"Redio imesoma barua yetu," alisema Khairiya. "Imemtaja mama, na imewataja wote waliobeba maji. La mwavuli haikulisema. Hilo limo katika barua tu."

"Mwavuli wenyewe ulikuwa wa rangi gani?"

Khairiya aliuona kichwani mwake, mwekundu, mkubwa, wenye kishikizo cha fedha. "Sijui," alisema. "Sikuwepo. Waulize waliokuwepo."

"Ulikuwa mweusi," alisema Bi Moza, akijisogeza jamvini kumpisha Khairiya akae. "Na Alhamisi, hata kama kitabu kimekwisha, uende barazani mapema. Tutakungoja."