Maneno ya Kilima cha Pili

Jumamosi ya tarehe kumi na nne mwezi wa sita, asubuhi, ndipo nilipoaibika mpaka nikatamani ukuta wa ngome unimeze.

Kazi yangu ni kutembeza wageni kwa miguu kwenye vilima vya mji wetu wa kale. Tulikuwa juu ya kilima cha pili, wageni wamenizunguka na miavuli yao ya jua. Nikashika kifua kama kawaida.

"Mji huu una vilima vingi," nikasema, "lakini..."

"...lakini aliyenipandisha moyo ni mmoja tu," sauti ikamalizia kutoka nyuma.

Mwavuli wa mwisho ukashuka. Ni yeye! Fundi cherehani wa pale sokoni, mwanamke ambaye Alhamisi tu nilimleta kwenye ukuta huohuo, nikashika kifua hikihiki, nikamwomba tuoane, naye jioni hiyohiyo akanipima shati la ndoa.

"Endelea, Kiongozi," akasema. "Si sasa unakuja kwa marehemu mkeo?"

Mgeni mmoja mnene akaropoka, "Kumbe mama ziara hii ameshaifanya!"

"Juzi. Tena peke yangu, nikajiona wa maana."

Wakacheka. Pale ndipo huwa nasimulia mke wangu alivyozidiwa, na wakubwa wa mji walivyofunga ngazi za kilima cha tatu, njia fupi ya kwenda hospitali, kwa mnyororo, eti zinapakwa rangi kwa ajili ya ugeni wao. Tukamzungusha kilima kizima kwenye machela, akanifia mikononi. Kweli tupu, naapa. Lakini siku hiyo niliwateremsha wageni kimyakimya kama tunatoka msibani.

Mchana ukaingia ujumbe: "Shati lako la ndoa limekwisha. Tuma mtu alichukue."

Nikapiga simu mbio.

"Bibie, usikate! Lawama si zangu. Wakubwa wa mji walituita ofisini, sisi watembeza wageni, wakasema mgeni asipolia harudi. Watu wenyewe wamekaa kwenye viti vya kuzunguka, hata kichuguu hawajawahi kukipanda!"

"Na mimi, walikuagiza unilize?"

Nikahamishia simu sikio la pili.

"Umelala?"

"Nipo."

"Mnyororo ni wao, hilo sikubishii. Lakini aliyemfanya mkeo kituo cha wageni kupumzikia ni nani?"

"Wakubwa..."

Akakata.

Siku mbili nilitembeza watu nikiwa nimeinamisha uso. Kila nilipofika kwenye ukuta ule, maneno yalininukia mdomoni kama chakula kilicholala. Jumatatu jioni simu ikalia.

"Kesho alfajiri, chini ya kilima cha tatu. Vaa viatu vya maana. Mdomo uache nyumbani."

Nikaenda. Alitangulia yeye, amekumbatia kifurushi, akinipitisha nyuma ya nyumba za watu, chini ya kamba za nguo, mahali ambapo sijawahi kumpeleka mgeni. Tulipopita lango la mawe, tabia ikanishinda.

"Hili lango lilijengwa na..."

"Nimekuuliza?"

"Hapana, bibie."

"Basi panda. Mzee mzima, unahema kama mvukuto."

Tukatokea juu ya ngazi zilezile. Mnyororo bado upo, umeota kutu, wakubwa hata kuutoa hawajakumbuka. Nikafungua mdomo niwatukane.

"Waache," akasema. "Keti."

Nikaketi. Akafungua kifurushi, akaliweka shati magotini mwake. Vifungo alikuwa ameshavishona vyote.

"Nataka kukuamini," akasema, sauti imeshuka. "Nimechoka kushona nguo za ndoa za wenzangu. Lakini sitaki kuwa kituo. Watoe wakubwa. Marehemu mwache apumzike. Maneno ya wageni yarudishe kilima cha pili. Halafu niambie mimi."

Mkono wangu ukaanza kupanda wenyewe kuelekea kifuani. Nikauona. Naye akauona. Nikaushusha, uso unaniwaka.

Akalikunja shati taratibu, hakunipa, wala hakulirudisha kwenye kifurushi.

"Vikitoka vyote hivyo, baba, wewe mwenyewe una nini cha kuniambia?"