Mpimajina wa Kizimkazi

Mpimajina ilikata mkono wa Bi Mahtabu kwa nusu sekunde, tena bila kumwaga damu nyingi, maana kisu chake cha mwanga kilikata na kuunguza kwa pamoja. Mkono ukadondoka kwenye beseni. Roboti la usafi likaja mbio kupangusa sakafu, kana kwamba kuna mtoto aliyemwaga uji.

"Mahtabu," mashine ilikuwa imetangaza kabla ya kukata, kwa sauti tamu ya kike. "Kiajemi. Mwanga wa mwezi. Muabudu mwezi."

Muabudu mwezi, jamani! Mwanamke aliyepika mikate ya kumimina miaka arobaini, asiyekosa sala hata akiwa na homa. Mwezi alikuwa akiutafuta mara mbili tu kwa mwaka, kujua kama kesho kuna kufunga au kuna sikukuu. Sasa alikuwa amelala sakafuni akipiga mayowe, na harufu ya nyama iliyoungua imejaa ukumbi mzima.

Mhandisi Gulnari alisimama kando ya mashine. Yeye ndiye aliyeiunda. Jiji la Kizimkazi, pamoja na majengo yake ya ghorofa mia na vyombo vya angani, lilikuwa bado likijivunia asili yake ya Kishirazi, ya Uajemi, na miaka sita nyuma aliitengeneza Mpimajina iwe mchezo wa sikukuu ya Mwaka Kogwa. Mtu aliweka kiganja, mashine ikasoma punje ya utambulisho iliyo chini ya ngozi, ikamwambia maana ya jina lake. Watoto walipanga foleni wakicheka. Kisha Jumuiya ya Usafi ikashika baraza la jiji, ikauona mchezo ule, ikaupachika kisu.

Mwenye jina la jua, mwezi, nyota au moto alihesabiwa muabudu wa kitu hicho, akapewa siku saba alibadilishe. Wengi walijiita Mja, yaani mtumwa wa Mungu, jina lisilo na shaka yoyote. Kuna darasa la skuli lilikuwa na akina Mja arobaini na wawili, mwalimu akawa anawaita kwa namba. Waliokataa waliletwa hapa ukumbini. Na aliyefuata leo, baada ya Bi Mahtabu, alikuwa baba yake Gulnari, Mzee Khurshidi. Maana ya Khurshidi ni jua.

"Baba, badilisha tu," Gulnari alikuwa amemsihi wiki nzima. "Ni neno tu hilo."

"Si neno tu. Jina kanipa mama yangu, na siku ya kuzikwa kwangu msoma talkini ataniita nalo kaburini. Akiita Mja, nitajuaje kama ninayeitwa ni mimi?"

Basi juzi Gulnari aliingia kwenye kamusi ya mashine, akafuta, akaandika: Khurshidi, mnyenyekevu. Akamwambia baba yake aweke mkono bila hofu. Kilichobaki kilikuwa kunyamaza. Dakika tano za kunyamaza, basi, kisha angemchukua mzee wake wakarudi nyumbani.

Lakini Mudiri Mihrani, mkuu wa Jumuiya, alipenda sana kuhutubia. Alishuka jukwaani, akaupiga teke mkono wa Bi Mahtabu hata ukaviringika nje ya beseni, akacheka.

"Mnaona uchafu huo? Wazazi wake wangempa jina safi, leo angekuwa na mikono miwili. Mimi wangu walinipa Mihrani, linalotokana na mihrabu! Hata mashine inakiri."

Mashine ilikiri kwa sababu Mudiri mwenyewe aliamuru iandikwe hivyo, na Gulnari ndiye aliyelazimishwa kuandika. Alimtazama Bi Mahtabu, aliyemlisha mikate tangu akiwa hana meno. Damu ikamchemka. Akasahau kila kitu.

"Mudiri," alisema kwa sauti ya kusikika. "Kwa nini mnatumia kamusi? Kamusi ni maandishi yangu mimi, mwanamke tu. Mashine hii ina uwezo wa kuchimba mzizi. Ikichimba, haisikilizi alichoandika mtu. Inafuata jina miaka elfu tatu nyuma, mpaka kwa aliyelitamka kwanza. Kufuli la uwezo huo hufunguliwa kwa kiganja chako."

Mudiri alikunja uso. Lakini Ustadhi Bahluli, naibu wake, alikuwa amesharuka. Huyu alikuwa na kazi moja maishani, kuonekana mkali kuliko bwana wake. Mudiri akipiga marufuku ngoma, Bahluli alipiga marufuku mluzi. Mudiri akikubali la mluzi, Bahluli alitaka birika zote zinazolia zivunjwe.

"Mzizi! Nani anaogopa mzizi hapa?" alifoka. "Mudiri wetu atangulie atuoneshe njia!"

Ukumbi ukalipuka: "Mzizi! Mzizi!"

Angekataa vipi? Mudiri alitabasamu kwa shida, akafungua kufuli, akaacha mkono wake palepale.

"Mihrani," ilisema mashine. "Mzizi: Mihri. Mungu-jua wa Waajemi wa kale. Muabudu jua."

Kisu kikashuka. Mudiri alilia kama mbuzi, akajibwaga juu ya beseni, na Gulnari akahisi furaha tupu, tamu, ikimpanda kutoka tumboni. Sasa wataizima, aliwaza. Sasa wameona upuuzi wenyewe.

Lo! Hakuwajua watu wale. Bahluli aliinua mikono.

"Hata mkuu wetu amesafishwa! Kuna usafi gani zaidi ya huo? Kuanzia leo ni mzizi kwa kila mtu. Anayefuata!"

Mzee Khurshidi alisogea bila wasiwasi. Si binti yake alimhakikishia? Akakunja mkono wa kanzu, akaweka kiganja.

"Baba, toa! Toa mkono, Baba!"

Walinzi walimkamata Gulnari mabegani. Alimng'ata mmoja, akapigwa kitako cha bunduki mdomoni, meno mawili yakatoka. Hata hivyo aliwaponyoka, akauchukua mkono wa Mudiri kwenye beseni, akaubandika kwenye kufuli ili airudishe mashine kwenye kamusi. Kufuli halikufunguka. Alilitengeneza mwenyewe lisikubali kiganja kisicho na damu inayotembea.

"Khurshidi," ilisema sauti tamu. "Mzizi: jua lingaralo. Muabudu jua."

Walitolewa nje wote wawili, wakakalishwa kwenye ngazi, juani. Gulnari aliupasua ushungi wake akafunga kigutu cha baba yake. Ndani, mashine iliendelea kutaja majina, moja baada ya jingine. Mzee alikuwa akitetemeka, midomo imekuwa myeupe.

"Nisamehe, Baba. Nilikuwa nimeshakuokoa. Wallahi nilikuwa nimeshakuokoa."

"Najua."

"Ningenyamaza dakika tano tu."

Mzee alimfuta damu mdomoni kwa mkono uliobaki.

"Mkono wa Mudiri ulipodondoka nilikutazama, mwanangu," alisema. "Ulikuwa unacheka kama wao."