Vigae Ndani ya Fulana Yangu

Nilipoingiza mkono kwenye fulana yangu ya kuzuia risasi, nikatoa kigae.

Kigae jamani! Kile cha kubandika sakafuni. Cha kijivu, kimekaa kifuani kabisa, pale risasi inapopenda kupita!

Nikaingiza mkono upande wa mgongoni...

Kigae kingine!

Nikakaa chini katikati ya nguo zangu.

Ngojeni niwaeleze taratibu, maana nikianza kulia hapa hamtaelewa kitu.

Mimi ni nesi. Shirika letu lilikuwa linapeleka timu kwenye hospitali moja huko mbali, jua linawaka hadi mbuzi wanagombania kivuli cha gari, na vita bado ya moto. Tulikuwa tunaondoka asubuhi yake. Kila mtu alikuwa amepewa fulana akaifungashe nyumbani. Kwa wasiojua, kile kitambaa hakizuii chochote cha maana. Ndani yake, mbele na nyuma, kuna mifuko ya kuwekea mabamba mazito. Bamba ndiyo pona yako.

Begi lilikuwa wazi kitandani tangu mchana. Ndege ndogo hazitaki mzigo, kwa hiyo nilikuwa naweka, natoa, naweka, natoa. Gauni la maua, toa, kwani naenda harusini? Mashati mepesi ya mikono mirefu, weka. Chandarua, weka. Pakiti za chumvi za kuchanganya na maji, ongeza, maana joto la kule linakukausha huku unajiona mzima.

Ikabaki fulana. Inanuka jasho la mtu mwingine, jasho lililolala! Nikasema hapana, mimi na joto lile na harufu hii hatutaelewana. Ngoja nitoe mabamba, nifue kitambaa.

Ndiyo nikakutana na vigae.

Sasa sikilizeni vizuri hapa...

Mume wangu ni fundi vigae!

Na ile kazi niliitambua palepale. Pembe za juu zimekatwa mshazari ili zikae kwenye mfuko, na kingo zote zimepigwa msasa hadi hazikwaruzi. Mafundi wengi wanakata wanaacha. Wangu mimi lazima apige msasa, hata kipande kinachojificha nyuma ya mlango.

Na huyu mwanaume wiki nzima tulikuwa hatuelewani.

"Manesi wote wameisha, umebaki wewe tu wa kwenda kule?" ndio wimbo wake kila tukikaa kula.

Nikashika simu, nikampigia shoga yangu. Shoga yangu ndiye mtunza stoo wa shirika, ndiye aliyenikabidhi ile fulana. Hata hiyo kazi ni yeye alinitafutia.

"Shoga, nimekuta vigae kwenye fulana!"

Nikasikia anafunga mlango kwanza.

"Shoga? Upo?"

"Nipo," akasema polepole. "Hivi mumeo anafanya kazi gani vile?"

"Si fundi vig..."

"Haya. Umejijibu mwenyewe."

Wee! Nikageuka kukitazama tena kile kigae.

"Mimi nilikupa fulana nzima, kwa mikono yangu hii," akaendelea. "Imeharibikia humo ndani kwako. Pole shoga yangu. Ukifia huko nani atamshika? Itasemwa ni vita!"

"Nifanyeje?"

"Usiseme ofisini, watakufuta kwenye safari. Njoo tu uwanja wa ndege asubuhi, nitakuletea nyingine."

Nikamwambia Mungu akubariki. Yaani mimi kwa kinywa changu, Mungu akubariki!

Jioni Fundi akaingia, vumbi la saruji limemjaa kichwani. Hata salamu sikumpa. Nikamtupia kigae miguuni.

"Hii kazi ya nani?"

Akainama, akakiokota, akapitisha kidole ukingoni.

"Yangu."

Hakukataa hata kidogo!

"Kwa hiyo unakubali?"

"Nakubali nini? Hivi vigae niliagizwa na shoga yako. Alikuja na kipimo kimechorwa kwenye boksi, akasema anataka vingi, vya kukalishia vyungu vya maua. Umevitoa wapi?"

"Kwenye fulana yangu ya kuzuia risasi!"

Niliona uso wake unavyobadilika. Akaweka kigae mezani kama kinamuunguza.

"Mke wangu, usiende."

"Ehee! Si ndicho unachokitaka siku zote?"

"Nisikilize..."

"Unamsingizia shoga yangu! Mtu aliyenitafutia kazi! Tena ananiletea fulana nyingine kesho. Yeye anihangaikie, wewe unichimbie kaburi?"

Sikuishia hapo. Nikapiga picha vile vigae, nikaituma kwenye grupu la familia, shangazi wamo, mashemeji wamo. Nikaandika: "Mtoto wenu anataka kuniua."

Grupu likalipuka! Wengine wananipa pole, wengine wanamtukana, mmoja anauliza kama tutagawana nyumba.

Mama mkwe akaandika mstari mmoja tu: "Nilizaa fundi, sikuzaa muuaji."

Nikamcheka. Nikasema mama ni mama, hata angezaa chui angemtetea.

Fundi alisoma yote yale amesimama mlangoni. Akachukua mkoba wake wa kazi, akavaa viatu.

"Sawa, usiniamini," akasema. "Ila hiyo fulana atakayokuletea, ifungue."

Akaondoka.

Asubuhi uwanjani, jua halijapanda na tayari jasho linanitiririka. Ndege yetu ndogo iko pale. Daktari mkuu wa msafara anakagua maboksi ya dawa, mtu wa maabara anapiga picha za kuweka mtandaoni. Dereva wetu anafunga mizigo kamba. Huyu dereva ni mdogo wake shoga yangu, tumbo moja, na tulikuwa tunasafiri naye.

Shoga akanikumbatia hadi nikatoa machozi.

"Achana na yule. Hii hapa, na mifuko nimeishona kabisa, isije ikafunguka njiani."

Nikavaa.

Jamani, kwenye mafunzo niliwahi kuvaa bamba la kweli. Limepinda, linafuata kifua chako. Hili lilikaa limenyooka kama meza!

Nikakumbuka neno la Fundi: ifungue.

Nikatoa mkasi wangu wa bandeji.

"Unafanya nini?" Shoga akauliza.

"Nafungua."

"Acha ushamba! Hiyo ni mali ya ofisi!"

Akanishika mkono. Nikauchomoa.

Nikakata uzi.

Kigae cha kijivu. Pembe mshazari. Kingo laini.

Na fulana hii haikuwahi kuvuka mlango wa nyumba yangu! Mume wangu hakuwahi hata kuiona!

Nikapiga kelele hadi rubani akashuka. Daktari alipokiona kile kigae, akasema:

"Wote, vueni."

Mkasi ukazunguka. Fulana ya daktari, vigae. Ya mtu wa maabara, vigae, naye akaanza kulia kama mtoto, maana ana mtoto wa wiki tatu nyumbani. Kila fulana iliyofunguliwa, vigae!

Ikabaki ya dereva.

Akafungua mwenyewe. Akatoa kitu kinene, cheusi, kimepinda vizuri.

Bamba. La kweli. Na la mgongoni nalo la kweli!

Wote tukamgeukia Shoga.

"Dada," dereva akasema. "Mabamba ya wenzangu yako wapi?"

Shoga akaanza kujiumauma, daktari akambana hadi akasema. Kumbe alikuwa ameyauza, moja baada ya jingine!

"Mnanitolea macho ya nini?" akafoka. "Huko mnakaa hospitalini! Hizo fulana mnavaa kwa ajili ya picha tu!"

"Kama ni za picha," mdogo wake akamwambia, "mbona mabamba yangu hukuyatoa?"

Shoga akamtazama mdogo wake. Akakaa chini palepale kwenye lami.

Safari ikafutwa, polisi wakaitwa, hayo mengine yako kwao.

Mimi nilijificha nyuma ya maboksi ya dawa, nikampigia Fundi. Iliita hadi nikakata tamaa, kisha akapokea. Nilitaka kusema maneno mengi lakini kilio kikanitangulia.

Akaniuliza kitu kimoja tu.

"Umeivua?"

"Nini?"

"Hiyo fulana. Umeivua?"

"Nimeivua."

"Haya."

Akakata simu.

Jamani! Nimemwita muuaji mbele ya ukoo mzima, na yeye usiku kucha anawaza kama nimevaa kigae kifuani!

Sasa hivi yuko kwa mama yake. Simlaumu. Kazini anakwenda, ila vigae vya kijivu hataki tena kuvishika, mteja akivitaka anamwelekeza kwa fundi mwingine.

Dada zangu, na ninyi kaka zangu, chukueni hili. Ukimpelekea mtu shida yako, badala ya kuuliza umeumia wapi akauliza mumeo anafanya kazi gani... kata simu! Kaa na mwenzako, msikilize hadi amalize. Mimi ukweli niliambiwa sebuleni kwangu, kwa sauti ya upole, nikaucheka. Nikauamini uongo kwa sababu ulinifika kwanza na uliniita shoga.

Picha ya vile vigae niliituma kwenye grupu la familia, mbele ya watu arobaini. Ninyi humu mtandaoni ni maelfu, ndiyo maana nimekuja kusemea hapa.

Mume wangu, uliniambia ukweli na mimi nikakuita muuaji. Nimekosa. Nisamehe.