Sindano na Kompyuta Iliyogoma

"Hicho kinyongo chako, mwanangu, unakilisha nini mbona kila siku kinanenepa?"

Sindano aliulizwa swali hilo na jirani yao, fundi cherehani, siku moja alipokuwa akisubiri sketi yake ya shule ishushwe pindo. Alikuwa amemaliza kumsimulia, kwa mara nyingine tena, habari za msichana aliyemwagia wino daftari lake mwaka uliopita. Fundi aliuliza huku amebana pini midomoni, kisha akacheka mwenyewe. Sindano hakucheka. Alichukua sketi yake, akaaga kwa adabu, na tangu siku hiyo fundi naye akawa miongoni mwa watu waliomkosea.

Jina la Sindano alipewa nyumbani kwa sababu ya wembamba wake. Waliomzoea walisema linamfaa hata kwa mengine.

Mama yake alikuwa amegeuza chumba cha mbele kuwa steshenari. Ndani mlikuwa na meza ndefu, kompyuta ya mezani iliyozeeka kidogo, printa, na rafu ya karatasi yenye pazia la kuzuia vumbi. Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Sindano alipangusa meza, akaweka karatasi kwenye printa, akawasha kompyuta ili mama akija aikute tayari. Kufagia na kujaza maji kwenye mapipa ilikuwa kazi ya Tingatinga, mtoto wa mama yake mdogo, aliyekuwa akiishi nao.

Tingatinga aliitwa hivyo kwa sababu kitu kikipita mikononi mwake hakikubaki salama. Alishang'oa kitasa cha mlango akikitia mafuta. Alishakalia miwani ya mama mkubwa wake, tena siku ileile iliyotoka kwa fundi. Hakuwa mtundu. Alipenda tu kujua vitu vinafanyaje kazi, na mikono yake ilikuwa mizito kuliko akili yake. Ndiyo maana alipigwa marufuku kuisogelea kompyuta.

Wiki hiyo Tingatinga alikuwa amefanya kosa. Aliwasimulia wenzake jinsi Sindano alivyomkimbia chura bafuni, mapovu ya sabuni yamejaa kichwani, hadi akapiga kumbo kamba ya nguo. Kuanzia hapo, kila Sindano alipopita darasani, kuna aliyelia kama chura nyuma yake. Tingatinga alipoona yamekuwa makubwa alimwomba radhi, akasema alidhani hata yeye mwenyewe angecheka. Sindano akajibu kwamba yamekwisha. Moyoni hayakuwa yamekwisha hata kidogo.

Alhamisi asubuhi Sindano alibonyeza kitufe cha kompyuta kama kawaida. Kioo kilibaki cheusi. Baadaye kikatokea kijimstari cha maandishi meupe ya Kiingereza, kikakaa hapohapo. Alizima, akawasha tena. Ikawa vilevile. Jasho likamtoka, maana ndani ya mashine ile kulikuwa na insha yake ya mashindano, iliyotakiwa ifike kwa mwalimu siku hiyo. Akakumbuka kwamba ana nakala kwenye flashi. Akamwaga vitu vyote vya begi sakafuni, akapekua mpaka kwenye soksi za michezo. Flashi haikuwepo.

Maandishi yale meupe hakuyasoma. Ya nini kuyasoma, na mkosaji alishamjua? Tingatinga ameiharibu kompyuta, na flashi ameiba.

Mama alipokuja na kuambiwa hivyo alimwita kijana, akamuuliza taratibu. "Sikuigusa, mama mkubwa," Tingatinga alisema, ufagio ungali mkononi. "Hata karibu yake sikufika." Mama alimtazama sana. Wateja walikuwa wameshaanza kusimama mlangoni, mmoja na barua yake ya kuomba kazi, mwingine na mtihani wa kuchapa, na wote ikabidi waelekezwe steshenari ya mtaa wa pili. Mama akasema Mungu ndiye ajuaye. Shangazi, dada wa baba yake Sindano, ambaye alifundisha kompyuta chuoni, angekuja Jumamosi kuitazama. Hakumchapa mtu wala hakumgombeza.

Hilo ndilo lililomchoma Sindano. Njia nzima ya kwenda shule, bila insha ya kumpa mwalimu, alikuwa akitafuta adhabu. Alifikiria kumwagia maji viatu vya Tingatinga, akaona ni mchezo wa watoto. Alifikiria kumnunia mwezi mzima, lakini Tingatinga alikuwa mtu wa kuongea hata na kuku, asingeona tofauti. Alitaka kitu kitakachomuuma mpaka ndani. Alipofika kwenye lango la shule alikuwa ameshakipata.

Jumamosi hiyo klabu ya sayansi ilikuwa na safari ya kwenda kuona bwawa la kuzalisha umeme. Tingatinga alikuwa mwanachama, na nyumbani hapakuwa na wimbo mwingine. Alichora mitambo nyuma ya karatasi zilizoharibika kwenye printa. Shati la safari alikuwa ameshalipiga pasi na kulitundika ukutani, halafu akawa anaamka kulitazama kama lipo.

Wakati wa mapumziko Sindano alikwenda kwa mwalimu wa sayansi. Alieleza kwa sauti ya upole na masikitiko kwamba kompyuta ya mama imeharibiwa, kazi imesimama, na aliyeharibu anakataa. Mwalimu akamuuliza kama ana hakika.

"Nilimwona kwa macho yangu, mwalimu. Alikuwa anachomoa nyaya kwa nyuma."

Mwalimu alifungua orodha ya safari. Kisha akasema kwamba kule bwawani kuna mitambo mikubwa na umeme mkali, hawezi kumpeleka mtoto anayechomoa nyaya asizozijua. Nafasi yake atapewa mwingine. Sindano alirudi darasani mwepesi kama mtu aliyetua gunia. Mchana alisimama dirishani akamwona Tingatinga akiambiwa habari hiyo mbele ya ofisi. Hakulia. Alisimama tu akisokota kifungo cha mkono wa shati. Sindano alimtazama mpaka mwisho, asikose hata kidogo, na siku hiyo aliyelia kama chura hakumsumbua.

Nyumbani mama alishangaa habari zimefikaje shuleni. Sindano alikuwa ameinamia masufuria, akiyasugua hata yaliyokwisha takata. Mama akamwambia Tingatinga kwamba yeye hana la kumwambia mwalimu kwa sasa, kwa kuwa hajui ukweli. Lakini shangazi akiitazama mashine na kumwona hana kosa, mama mwenyewe atampigia mwalimu simu palepale, kabla basi halijaondoka.

Jumamosi shangazi alikuja mapema na kimfuko cha bisibisi. Tingatinga alikuwa amesimama kwenye mlango wa ndani, amevaa lile shati lake la pasi. Sindano alingoja boksi la kompyuta lifunguliwe na nyaya zilizong'olewa zionekane. Shangazi akaweka kimfuko pembeni.

"Bisibisi ni za mwisho," alimwambia Sindano. "Tunaanzia nje. Mikono yako, macho yangu. Haya."

Akamwambia achomeke chaja ya simu kwenye soketi. Simu ikaingia chaji, basi umeme upo. Akamwambia abonyeze kitufe, asikilize. Taa iliwaka, feni ikavuma, basi mashine ina uhai. Akamwambia akaze waya wa kioo. Maandishi meupe yakatokea kama siku ile.

"Soma," shangazi alisema.

"Ni ya Kiingereza, shangazi."

"Nimekuuliza kabila lake? Soma."

Sindano akasoma kwa kusitasita, shangazi akimsaidia maneno mawili matatu. Mashine ilikuwa inasema kwamba pale ilipotazama haijaona kitu cha kuanzia kazi, basi kitolewe kisichofaa kisha ijaribu tena. Shangazi akatikisa kichwa, akasema mashine imepiga kelele tangu Alhamisi na hakuna aliyeisikiliza. Akamwagiza azime, achomoe kila kisichohitajika, abakize kioo na kibodi.

Sindano alichomoa waya wa printa. Akapitisha mkono nyuma ya boksi, na vidole vyake vikagusa kitu kidogo chenye kamba.

Akakijua kabla hajakiona. Jumatano jioni alikuwa ananakili insha yake aliposikia kandambili za Tingatinga zikija. Hakutaka aione flashi yake, asije akaisoma insha na kuitangaza kama alivyomtangaza chura. Ndipo akaichomeka kwenye tundu la nyuma, gizani, ambako mtu hachungulii. Alipomaliza, mama alimwita mezani. Akazima mashine, akaondoka, flashi akaisahau.

Aliichomoa, akaifumbata.

"Washa," shangazi alisema. Kompyuta ikawaka mpaka mwisho, picha ya maua ikajaa kwenye kioo, na mama akamshukuru Mungu kwa sauti. Shangazi akauliza kilichochomolewa ni nini. Sindano akasema ni waya wa printa. Mama akamgeukia Tingatinga, uso umembadilika. Kumbe kweli kuna mtu amechezea nyaya.

"Sikuigusa," Tingatinga alisema polepole, kama mtu anayeona hana haja ya kusema.

Shangazi akaomba wasubiri kwanza. Akarudisha waya wa printa, akazima, akawasha. Mashine ikawaka vizuri. "Basi printa haina kosa," alisema. "Kuna kingine." Hakumtazama mtu. Akakunja mikono, akangoja.

Flashi ililowa jasho ndani ya ngumi ya Sindano. Angeweza kuiangusha nyuma ya rafu. Alimwona Tingatinga akitupia jicho saa ya ukutani, halafu akiinamisha kichwa, na kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi haikumfurahisha. Akafungua mkono.

Shangazi akaichomeka flashi palepale nyuma, akawasha. Mashine ikagoma. Akaichomoa, ikakubali. Alieleza kwamba aliyeitengeneza zamani aliiacha ikitazama flashi kwanza kila inapowashwa, na flashi hiyo haina kitu ndani ila insha. Mambo yangeweza kuishia hapo. Lakini Sindano alikuwa ameanza kulia, na katikati ya kilio akamwambia mama yake na lile la mwalimu, ambalo hakuna aliyekuwa amemuuliza.

Mama alimpigia mwalimu simu. Mwalimu alisikitika sana. Basi lilikuwa limeshaondoka, na kiti kile kilikuwa na mtoto mwingine. Akaahidi kwamba Jumatatu atamsafisha kijana mbele ya klabu nzima. Mama akasema atakayesimama kusema ni Sindano mwenyewe, na kwamba yeye atakuwepo kumsikiliza.

Shangazi akamvuta Sindano, akamkalisha kwenye kiti.

"Umeona tulivyofanya? Hatukuishuku mashine," alisema. "Tuliiuliza, tukaisikiliza, tukajaribu kimoja kimoja. Huyu ni ndugu yako, na hukumfanyia hata hilo. Ulimhukumu kwanza, kisha ukatafuta ushahidi, ulipoukosa ukautengeneza. Mashine tumeitengeneza asubuhi moja. Siku aliyonyang'anywa mwenzako hakuna bisibisi ya kuirudisha. Ukikasirika, mwanangu, funga mdomo mpaka ujue. Na ukishajua kwamba umekosea, sema siku hiyohiyo, usingoje kubanwa."

Sindano akainuka, akamkabili Tingatinga, akamwomba amsamehe.

Tingatinga alikuwa akifungua vifungo vya mikono ya lile shati, kimoja baada ya kingine. Hakuonekana na hasira.

"Ulimwambia uliniona," alisema. "Uliniona wapi?"

Kisha akapita kati ya mama yake mkubwa na ile kompyuta, akiwa mwangalifu asiguse hata pembe ya meza, akatoka nje.