Kibati Namba 112

Haya yalimpata jirani yangu, mchimbuzi wa mambo ya kale. Mtaani tunamwita Mama Mwiko, maana ule mwiko wake mdogo wa kuchimbia haumtoki mkononi hata akija msibani.

Alipewa kazi ya kukagua kiwanda cha zamani cha nguo kabla hakijabomolewa kupisha maghorofa. Achimbe mashimo matano ya majaribio, mita kwa mita, apige picha, kisha aandike kama chini kuna cha kuhifadhiwa. Kumbe mama mkubwa wake aliwahi kutia nguo rangi humo. Asubuhi moja aliingia zamu, hakurudi nyumbani. Wakubwa wa kiwanda wakasema katoroka na mwanamume, na kwa miaka thelathini mama yake akaimeza aibu hiyo. "Dada yangu si mhuni," alimwambia binti yake siku anaanza kazi. "Angalia vizuri, mwanangu."

Mashimo manne yalitoa majivu, matofali na vifungo vya mashati. La tano lilikuwa ndani ya chumba cha rangi, na zege lake lilikuwa nene. Msimamizi wa ujenzi akamharakisha. Na tuseme ukweli, Mama Mwiko mwenyewe alikiogopa chumba kile. Akaandika kwenye fomu: Shimo la tano, hakuna kitu. Akasaini. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi, ila ya kwake haikufika hata saa sita mchana.

Alikuwa akinawa mikono getini pale mlinzi, mzee aliyewahi kufanya kazi kiwandani humo, alipomwonyesha ubao wenye misumari.

"Kila mfanyakazi alikuwa na kibati chake cha shaba chenye namba, na msumari wake. Ukiingia unakichukua, ukitoka unakirudisha. Kiwanda kilipofungwa vyote vilikuwepo, isipokuwa hiki."

Msumari mtupu. Mia moja na kumi na mbili.

Akampigia mama yake.

"Mama, unaikumbuka namba ya mama mkubwa?"

"Mia moja na kumi na mbili. Nitaisahau vipi? Na huyo anayenong'ona nyuma yako ni nani?"

Nyuma yake palikuwa na ukuta.

Akafungua kamera ili aone kitu cha kawaida. Shimo la kwanza. La pili. La tatu. La nne. La tano.

Hakuwa amelichimba. Lakini lilikuwa pale, kuta zimenyooka, kijiti cha vipimo kimelazwa vizuri, na chini kabisa kulikuwa na viatu viwili.

Alikimbilia chumba cha rangi. Zege lilikuwa zima, halina ufa. Katikati yake ulilala mwiko wake, aliokuwa ameuacha kwenye ndoo. Ulikuwa na udongo mbichi.

Akaichana fomu. "Vunjeni hapa," akawaambia mafundi, na msimamizi alipobisha hata hakumtazama.

Walivunja hadi alasiri. Chini ya zege lile la miaka thelathini palikuwa na shimo lililo wazi, mita kwa mita. Viatu vya kike vilikuwa vimepangwa sambamba, kama mtu anavyovivua mlangoni. Mfupa, hata mmoja, haukuwepo. Mafundi walikusanya vifaa vyao bila kuagana.

Alipofika getini, mlinzi alikuwa amesimama mbali na ubao.

"Mimi sijaugusa," alinong'ona.

Kibati namba 112 kilikuwa kwenye msumari wake. Kilikuwa kinachuruzika maji ya buluu.

Mama Mwiko alikwenda moja kwa moja kwa mama yake. Alimkuta ameketi kitandani, analia huku anacheka.

"Nilisema mimi," mama yake akasema. "Nilisema hakutoroka."

Sakafuni, kutoka mlangoni hadi kitandani, kulikuwa na nyayo za miguu mitupu, za rangi ya buluu. Zimesuguliwa kwa sabuni, kwa mchanga, kwa kila kitu, na bado zipo. Nimeziona kwa macho yangu. Zote zinaingia.