“Pole, Umeumia?”

Kila asubuhi, kabla ya kengele, kiranja wa darasa la tano alifuta ubao na kunyoosha mistari ya madawati. Kazi hiyo aliipenda sana. Kilichomchosha ni jirani yake wa dawati, msichana mwenye usonji ambaye wanafunzi walimbandika jina la Kasuku.

“Umeleta rula?” alimwuliza siku hiyo.

“Umeleta rula,” alijibu jirani yake, macho dirishani.

“Mimi ndiye ninayekuuliza!”

“Ninayekuuliza.”

Kiranja akashusha pumzi. Mwalimu wao alipomwomba amsaidie msichana huyo, alikubali kwa moyo mweupe, akidhani ni kazi ya siku mbili. Hii ilikuwa wiki ya tatu, na yalikuwa yamemfika shingoni.

Baada ya mapumziko walifanya jaribio la hesabu. Mara jirani akaanza kuyumbayumba.

“Pole, umeumia?” alisema.

“Sijaumia. Nyamaza.”

“Pole, umeumia?”

“Jamani, nimesema sijaumia! Unanivurugia hesabu!”

Darasa likaangua kicheko. Kiranja akabeba karatasi yake, akahamia dawati la mbele. Huku nyuma sauti ile iliendelea, ikizidi kuwa nyembamba, hadi msichana akateleza sakafuni, akaziba masikio na kulia.

Mwalimu alikuja mbio, akachuchumaa. “Amesema nini?”

“Yaleyale, mwalimu! Ananiuliza kama nimeumia, na mimi mzima kabisa. Nimechoka naye!”

“Maneno hayo aliyasikia wapi?”

Kiranja alitaka kujibu kwamba hajui. Kisha akakumbuka. Wiki iliyopita msichana huyo alianguka uwanjani akachubuka goti, na mwalimu alimwinamia akasema maneno hayohayo, kwa sauti hiyohiyo ya upole.

“Uliyasema wewe, mwalimu, siku ile alipoanguka. Kumbe haniulizi mimi. Anasema ameumia yeye!”

Akaketi sakafuni karibu na mwenzake, bila kumgusa. Alijigusa mkono, kisha tumbo, kisha mguu, akisubiri kila mara. Alipofika mguuni, msichana akavua kiatu cha kushoto. Msumari ulikuwa umetokeza ndani ya soli, na soksi ilikuwa imelowa damu.

Mwalimu alisafisha kidonda kwa maji na sabuni. Mama wa msichana akaitwa, akampeleka zahanati kuchomwa sindano.

“Aliniambia mara ngapi, na mimi nikahama!” kiranja alisema, machozi yakimlengalenga.

“Basi tumtafutie njia nyingine ya kusema,” alijibu mwalimu, akampa karatasi ngumu na kalamu za rangi.

Kiranja alichora kadi: maji, choo, naumwa, kelele. Siku ya kwanza zilitupwa chini zote. Ya pili, vilevile. Kiranja aliziokota akinung’unika, akajaribu tena. Wiki iliyofuata, alipokuwa akipiga soga na rafiki yake, kadi ya kelele ikasukumwa mpaka puani pake.

“Ni mimi ninayepiga kelele?” aliuliza kwa mshangao.

“Kelele,” alisema jirani yake, akimtazama mdomoni.

Mwalimu alicheka, kisha akawageukia wanafunzi wote. “Kuanzia leo jina la Kasuku lisisikike humu. Mwenzenu hakosi la kusema. Sisi ndio tuliokosa subira ya kumsikiliza, na kukosa subira huko kungeweza kumgharimu mguu.”